Lengo Lililoingia Kwenye Kalenda: Kupanga Malengo na Kuendelea Hata Ari Ikipungua

Malengo mengi hayafi kwa uvivu wa mwenyewe. Yanakufa kwa sababu hayakuwahi kupangiwa siku wala saa. "Mwaka huu nataka kukua kikazi" ni sentensi inayoweza kukaa kichwani miezi kumi na miwili bila kudai chochote siku ya leo. Lengo huanza kuwa lengo pale linapokuambia kwamba Jumanne saa 2 usiku unatakiwa uwe umekaa mahali fulani, unafanya kazi fulani, kwa muda fulani.

Hamasa nayo hueleweka vibaya. Wengi huisubiri ije kwanza ndipo waanze. Kwa kawaida mambo huenda kinyume: mtu anaanza na ari ndogo, anaona kazi inasogea, na kule kuona ndiko kunakomrudisha kesho yake. Ari ya siku ya kwanza ni nguvu ya soda. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu kupanga kazi ili maendeleo yaonekane kwa macho, na sehemu ndogo tu inahusu kujichochea.

Tenga dakika 90 za utulivu. Uwe na daftari moja, kalamu, na kalenda, iwe ya ukutani au ya simu.

Andika lengo ambalo mtu mwingine anaweza kulihukumu

Kipimo ni hiki: siku ya mwisho ikifika, mtu asiyekujua akisoma sentensi yako, ataweza kusema "limetimia" au "halijatimia" bila kukuuliza swali? "Kuwa mzungumzaji bora" haipiti hapo. Hii inapita: "Kufikia tarehe 30 Juni niwe nimewasilisha mada tatu za dakika 15 mbele ya watu wasiopungua kumi, bila kusoma neno kwa neno kwenye karatasi."

Mwanasaikolojia Edwin Locke aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1968, kisha akaliendeleza kwa miaka mingi pamoja na mtafiti mwenzake Gary Latham. Walichokiona tena na tena ni kwamba lengo mahususi na gumu huzaa kazi bora kuliko agizo la "jitahidi uwezavyo". Sababu yake ni rahisi kuielewa. Ukiambiwa ujitahidi, wewe mwenyewe ndiye unayeamua umejitahidi kiasi cha kutosha, na siku ukichoka, kiasi hicho hupungua bila wewe kujua. Lakini walitaja pia masharti: uwe na uwezo wa kuifanya kazi yenyewe, uwe umelikubali lengo kwa dhati, na upate mrejesho njiani. Ukikosa mojawapo, ugumu wa lengo unageuka kuwa mzigo.

Kuna hali moja ambayo kanuni hii hugeuka, na miongozo mingi huiruka. Kama bado hujui kazi inavyofanywa, usianze na lengo la matokeo. Anayejifunza kuandika programu za kompyuta akijiwekea "nitengeneze mfumo kamili ndani ya wiki sita" atahangaika, atanakili asichokielewa, kisha atajiona hana kipaji. Aanze na lengo la kujifunza: "Katika wiki sita niwe nimepata njia nne za kutafuta kosa ndani ya programu, na kila moja niwe nimeitumia mara tatu." Akishaijua kazi, ndipo lengo la matokeo litamfaa.

Halafu tenganisha kilichomo mikononi mwako na kisichokuwemo. Kupandishwa cheo ni uamuzi wa mtu mwingine. Kukamilisha ripoti nne kabla ya tarehe yake na kuongoza kikao kimoja kila mwezi ni kazi yako. Andika yote mawili, la kwanza juu kama mwelekeo, la pili chini kama lengo lenyewe. Anayejipima kwa uamuzi wa wengine peke yake hukata tamaa hata katika mwezi aliofanya kazi nzuri kabisa.

Idadi? Moja la kazi, moja la maisha binafsi, kwa wiki 12. Malengo saba kwa mpigo hugombania saa zilezile za jioni, na yote saba hulegalega.

Huenda umewahi kusikia habari za wahitimu wa Chuo Kikuu cha Yale wa mwaka 1953, kwamba asilimia 3 walioandika malengo yao walikuja kuwa na mali kuliko wenzao wote kwa pamoja. Utafiti huo haukuwahi kufanyika. Kuandika kunasaidia, ila kwa sababu ya kawaida kabisa: karatasi inakulazimisha uchague maneno, na wiki ijayo huwezi kujidanganya kwamba ulikusudia kitu kingine.

Piga hesabu ya saa kabla ya kujiahidi

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoua malengo mengi kuliko nyingine zote. Tuichukue kwa mfano mmoja mpaka mwisho.

Mfanyakazi anataka kufaulu mtihani wa kitaaluma wa uhasibu utakaofanyika baada ya wiki 20. Muhtasari wa masomo una mada 14. Amejaribu mada moja na kuona inamchukua saa 6, yaani kusoma, kufanya mazoezi na kurudia makosa. Hapo ni saa 84. Anataka pia kufanya mitihani mitano iliyopita, saa 3 kila mmoja na saa 2 za kusahihisha. Saa 25 zinaongezeka. Jumla 109.

Asiishie hapo. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 tabia ya binadamu ya kukadiria muda kwa kuangalia mpango wake tu, akisahau jinsi kazi kama hiyo ilivyokwenda zamani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu walikadiria kwa wastani kumaliza baada ya siku 34 hivi. Waliishia kutumia zaidi ya siku 55. Kwa hiyo zidisha makadirio yako kwa 1.5. Kama una rekodi ya kazi ya zamani inayofanana, tumia hiyo badala yake, maana ni ya kweli zaidi. Mtu wetu sasa ana saa 164.

Katika wiki 20 atoe 2 za dharura: ugonjwa, msiba, kazi ya ghafla. Zinabaki 18. Saa 164 kugawa kwa 18 ni saa 9 na dakika chache kila wiki.

Sasa afungue kalenda na kuhesabu saa alizonazo kweli. Zile zinazobaki baada ya kazi, safari, familia, ibada na usingizi. Tuseme Jumanne na Alhamisi saa moja na nusu kila siku, Jumamosi saa tatu na nusu. Jumla 6.5. Pengo ni saa 2.5 kwa wiki, na pengo hilo lina majibu matatu tu: atafute saa nyingine mbili na nusu na ataje wazi zinatoka wapi, asogeze mtihani hadi awamu inayofuata, kwa kuwa kwa mwendo wa 6.5 anahitaji wiki 25 na zaidi. Au apunguze kazi, kwa mfano asome kwa kina mada zinazotahiniwa mara nyingi na nyingine azipitie juujuu akijua hatari yake.

Jibu la nne, "nitajibana", ndilo watu huchagua. Wiki ya tano wanajikuta nyuma kwa saa 12, wanajiita wavivu, wanaacha. Hawakuwa wavivu. Hesabu ilikuwa imekataa tangu siku ya kwanza.

Funga kila kazi na tukio lake

Saa zikishapatikana, ziandikie kichocheo. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha kwamba mtu anayepanga kwa muundo wa "kama jambo hili likitokea, basi nitafanya hivi" hutimiza nia yake zaidi kuliko anayebaki na nia tupu. Mwaka 2006 yeye na mwenzake Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 ya namna hiyo, na kwa jumla tofauti ilikuwa ya wastani hadi kubwa. Inafanya kazi kwa sababu uamuzi umeshafanywa mapema. Tukio likifika, huna cha kujadiliana na nafsi yako.

Mfano: "Kama nimemaliza kuosha vyombo Jumanne usiku, basi nitakaa kwenye meza ya sebuleni, nitaacha simu chumbani, na kufungua kitabu ukurasa wenye alama." Tazama kila kipande. Tukio ni la kushikika, huwezi kubisha kama vyombo vimeoshwa. Mahali pametajwa. Simu imeondolewa kabla haijaanza kuita. Na hatua ya kwanza ni ndogo sana, kufungua ukurasa wenye alama, maana sehemu nzito ya kazi ni dakika tano za mwanzo. Alama yenyewe iwekwe mwisho wa kipindi kilichotangulia, pamoja na sentensi moja inayosema utaanzia wapi. Usipofanya hivyo, robo saa ya kwanza itaishia kwenye kutafuta ulipoishia.

Mpango huu huharibika kwa njia tatu. Kwanza, tukio lisiloeleweka: "nikipata nafasi", "nikitulia". Nafasi haiji na kengele. Pili, tukio lisilotokea kila mara. Mtu anafunga mazoezi yake na kutoka kazini mapema, kumbe hutoka mapema mara mbili kwa mwezi. Tatu, kuandika mipango kumi ya "kama–basi" kwa wiki moja. Anza na miwili.

Ongeza mpango mmoja wa kikwazo. Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen amechunguza kwa miaka mingi watu wanaojipigia picha ya mafanikio tu, na kugundua kwamba mara nyingi picha hiyo tamu hupunguza juhudi, kana kwamba mwili umeshapumzika baada ya ushindi. Anachopendekeza ni kuweka picha ya mafanikio sambamba na kikwazo kilicho ndani yako mwenyewe. Usiandike "mtandao unasumbua". Andika "nikikwama kwenye hesabu ngumu, huwa nafungua simu." Kisha: "Kama nimekwama zaidi ya dakika 10, basi nitaandika swali langu pembeni na kuhamia hesabu inayofuata."

Rekodi na dakika 20 za Jumapili

Kila ukimaliza kipindi andika vitu vitatu kwenye mstari mmoja: tarehe, dakika ulizofanya kweli, ulichokamilisha. "14/3, dk 70, mada ya 5 mazoezi 1–8." Inatosha. Wanaopamba jedwali kwa rangi sita huliacha wiki ya tatu.

Uchambuzi wa mwaka 2016 uliounganisha tafiti 138 ulionyesha kwamba kujifuatilia mara kwa mara huongeza uwezekano wa kutimiza lengo, na zaidi pale matokeo yanapoandikwa au kuonwa na mtu mwingine. Kwa hiyo tafuta mtu mmoja wa kumtumia mistari yako kila wiki. Awe mtu atakayekuuliza "vipi wiki hii?" bila kukuaibisha wala kukusifu ovyo. Kulitangazia kundi zima lengo lako ni jambo jingine. Pongezi za siku hiyo zinaweza kukupa ladha ya kufika kabla hujaondoka. Tuma kilichofanyika.

Jumapili, au siku yoyote unayoanza wiki, kaa dakika 20. Jumlisha saa zako. Linganisha na zilizopangwa. Jiulize ni kipindi gani kilikosekana na nini hasa kilitokea dakika kumi kabla yake; jibu la swali hili lina thamani kuliko wiki nzima ya kujilaumu. Kisha badilisha kitu kimoja tu katika wiki ijayo. Alhamisi imekosekana mara tatu mfululizo? Alhamisi haifai, ihamishe. Hapo aliyekosea ni Alhamisi, wewe uko sawa.

Tarajia mteremko katikati. Mwanzoni kuna upya, mwishoni mtu huona mstari wa kumalizia na kuongeza mwendo. Katikati hakuna kimojawapo. Dawa ni kukata safari iwe na miisho mingi: badala ya mada 14, weka mafungu ya mada tatu-tatu, na kila fungu liishie na jaribio la dakika 45 lenye alama. Alama hizo ndizo zitakazokuambia unasogea wakati moyo unasema umesimama.

Ukikosa siku

Utakosa. Watafiti wa University College London wakiongozwa na Phillippa Lally walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga zoea jipya, na matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Thamani ya katikati ilikuwa siku 66 mpaka zoea lianze kujiendesha lenyewe, lakini tofauti kati ya watu ilikuwa kubwa: kuanzia siku 18 hadi 254. Sahau basi ile habari kwamba zoea hujengeka kwa siku 21. Walichokiona pia ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa zoea kwa kiasi cha maana.

Kinachoharibu ni kile mtu anachojiambia baada ya siku hiyo. "Nimeshaharibu, nitaanza upya mwezi ujao." Weka kanuni mapema: siku moja inaweza kupita, mbili mfululizo hapana. Ili kanuni hiyo iwezekane, uwe na kiwango cha chini kilichoandikwa, kitu cha dakika 10 ambacho unaweza kukifanya hata ukiwa umechoka hoi. Hesabu moja. Ukurasa mmoja. Kutembea mpaka mwisho wa barabara na kurudi. Kiwango hicho hakisogezi lengo sana, ila kinalinda nafasi yake katika siku yako.

Usijaribu kulipa viporo vyote. Aliyekosa saa 6 akiamua kuzilipa wikendi moja ataamka Jumatatu akiichukia kazi yenyewe. Lipa nusu saa kwa kila kipindi kinachofuata, mpaka saa mbili kwa jumla. Zilizobaki zichukuliwe kwenye zile wiki mbili za dharura. Ndiyo kazi yake.

Kama umepotea wiki mbili au zaidi, usirudi ulipoachia. Wiki ya kwanza fanya kiwango cha chini tu, siku nne. Wiki ya pili nusu ya ratiba. Wiki ya tatu ratiba kamili, baada ya kupiga upya hesabu ya saa na tarehe.

Chunguza lengo ni la nani

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wanaeleza mahitaji matatu yanayolisha hamasa ya ndani: kuhisi umechagua mwenyewe, kuhisi unaimudu kazi zaidi kadiri siku zinavyokwenda, na kuhisi uko pamoja na watu. Ari ikizama kwa wiki kadhaa huku saa na afya vipo, pitia hayo matatu. Mara nyingi utakuta lengo ni la mzazi au la rafiki aliyefanikiwa, au unasoma peke yako muda mrefu mno.

Kuwa mwangalifu na zawadi pia. Mwaka 1971 Deci aliwalipa wanafunzi kutatua mafumbo waliyokuwa wakiyafurahia. Malipo yalipokoma, walitumia muda wao wa mapumziko kidogo zaidi kwenye mafumbo hayo kuliko awali. Jizawadie kwa kazi kavu usiyoipenda, kama kupanga risiti au kujaza fomu. Kazi unayoifurahia iache iwe yenyewe.

Lengo la kazini linahitaji mazungumzo

Unaweza kutimiza kila mstari wa daftari na bado usionekane, kwa sababu ulipima kitu ambacho mkuu wako hakipimi. Kabla ya wiki ya pili kuisha, omba dakika 15 naye. Usimuulize "nifanyeje ili nipande cheo?", swali hilo linambana na jibu lake huwa la jumla. Muulize hivi: "Samahani mkuu, naomba kuelewa. Mtu anayeshika nafasi ile, ni kazi gani tatu ukiziona anazifanya vizuri unaridhika naye?" Andika maneno yake kama alivyoyasema. Rudi baada ya wiki sita ukiwa na mfano mmoja wa kila kazi, uulize kipi bado.

Fungua faili la ushahidi. Kila Ijumaa weka mambo mawili: ulichokamilisha na kilibadilisha nini, kwa namba pale inapowezekana. "Nimepunguza muda wa kuandaa ripoti ya mwezi kutoka siku 4 hadi 2." Wakati wa tathmini ya mwaka watu hukumbuka zaidi wiki za mwisho, wakiwemo wakuu. Faili linakumbuka zote.

Amua mapema utaachia wapi

Siku ileile unayoandika lengo, andika pia tarehe ya ukaguzi na kigezo cha kuliacha. Iwe katikati ya safari, wiki ya 6 kati ya 12. Mfano: "Kama kufikia tarehe hiyo nimefanya chini ya nusu ya saa zilizopangwa, na nimeshabadilisha ratiba mara mbili, nitapunguza lengo au nitaliacha." Kigezo kikiandikwa ukiwa mtulivu, hutaacha kwa hasira ya siku moja mbaya, wala hutang'ang'ania kwa aibu. Ukiliacha, andika mistari mitatu: saa ulizotumia, ulichojifunza, na mahali hesabu ilipokosea. Mistari hiyo ndiyo itakayokupa namba ya kuzidishia badala ya 1.5 utakapopanga lengo linalofuata.